Mimba ya Ukubwani Haisubiri Mwezi wa Tano

Katika wilaya ya Rusizi, ambayo wengi bado wanaiita Cyangugu, mwanamke wa miaka 41 mwenye mimba hashangazi mtu. Utamkuta sokoni Kamembe akipanga mafungu ya nyanya, kwenye chai ya Shagasha akichuma, au katika tambarare ya Bugarama akipanda mpunga huku tumbo limeshajitokeza chini ya kitenge. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakizungumzia mimba ya ukubwani humweleza mwanamke wa namna nyingine: aliyesoma, akafanya kazi, akachelewa kuolewa, na sasa anabeba mimba ya kwanza akiwa na miaka 38. Huyo naye yupo Rusizi, na atazidi kuonekana kadiri wasichana wanavyokaa shuleni miaka mingi. Lakini wa kawaida zaidi huku ni mama wa watoto watano aliyedhani amemaliza kuzaa, au aliyeolewa mara ya pili na ukoo wa mume unasubiri mtoto. Mwenye mimba ya kwanza ana hofu, kwa hiyo anawahi kliniki. Aliyekwisha kuzaa ana uzoefu, kwa hiyo anachelewa. Hoja ya makala haya ni kwamba umri peke yake hauna makali mengi kama umri uliokutana na kuchelewa, na sababu ya hilo imo ndani ya mishipa ya damu.

Mtoto tumboni hali wala hapumui kwa nguvu zake. Kila anachohitaji humfikia kupitia kondo la nyuma, na kondo nalo hutegemea damu inayoletwa na mishipa ya mfuko wa uzazi. Mwanamke asiye na mimba hupitisha humo damu kidogo tu, makumi ya mililita kwa dakika. Mimba ikikaribia kutimia, hupita nusu lita na zaidi kila dakika. Ili hilo liwezekane, damu yote mwilini mwa mama huongezeka kwa karibu nusu, moyo wake huongeza kazi, na mishipa midogo iliyojipinda ndani ya ukuta wa mfuko wa uzazi hubadilika umbo kabisa. Mwaka 1967 watafiti watatu, Brosens, Robertson na Dixon, walieleza namna mabadiliko hayo yanavyotokea: chembe zinazotoka upande wa kondo huingia kwenye kuta za mishipa hiyo, huondoa misuli inayoibana, na kuiacha mipana, isiyoweza kujikaza tena hata mama akishtuka au akichoka. Mkulima wa Bugarama hahitaji darasa kuelewa jambo hili. Mdomo wa mfereji ukipanuliwa mapema, maji huingia kwa utulivu na kufika hadi jaruba la mwisho. Ukibaki mwembamba, maji hutoka kwa kasi, hubomoa kingo za karibu, na jaruba la mbali hukauka. Kazi hiyo ya kupanua huanza katika wiki za mwanzo kabisa, na mimba ikifika wiki 20 sehemu kubwa imekwisha. Nusu ya pili ya mimba huishi kwa kilichofanyika katika nusu ya kwanza.

Pale upanuzi unaposhindikana, kondo hukosa damu ya kutosha na huanza kumwaga katika damu ya mama vitu vinavyoiudhi mishipa yake yote. Presha hupanda, figo huanza kupitisha protini kwenye mkojo, ini na ubongo vinaweza kuguswa, na mtoto huacha kukua inavyopasa. Hapo ndipo wakunga huanza kusema habari za kifafa cha mimba, ingawa degedege lenyewe ni hatua ya mwisho ya ugonjwa ulioanza kimyakimya miezi kadhaa nyuma.

Umri unaingia wapi? Mishipa huzeeka pamoja na mwenye nayo. Utando wake wa ndani hutoa nitriki oksidi, kemikali inayouambia mshipa ulegee, na kadiri miaka inavyosonga uwezo huo hupungua, kuta hukakamaa, na presha hupanda kidogo kidogo bila mtu kuhisi chochote. Mwanamke wa miaka 42 anaweza kubeba ndoo ya maji mlimani na asijue kwamba presha yake imekuwa juu kwa miaka mitatu. Mimba inapokuja, hudai kwa moyo na mishipa kazi ambayo mwili wa miaka 22 huifanya kwa akiba kubwa na mwili wa miaka 42 kwa akiba ndogo. Mwaka 2017 watafiti wa Manchester, Uingereza, walichunguza makondo ya wanawake wa miaka 35 na zaidi na kuyalinganisha na ya wanawake wa miaka 20 hadi 30. Waliyoyakuta hayakuwa ya kutisha tu. Makondo ya wakubwa yalikuwa na dalili za kuzeeka kabla ya wakati, lakini kwa wale ambao watoto wao walikua vizuri, mishipa ilikuwa imelegea hata kuliko ya wadogo, na mifumo ya kupitisha chakula ilifanya kazi zaidi. Yaani mwili ulikuwa unafidia.  Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa la utafiti ule: mama mkubwa hajahukumiwa, ila anategemea mwili ufidie, na mwili unaofidia unahitaji kuangaliwa.

Takwimu nazo zinasema hivyohivyo. Mwaka 2014 zilichapishwa hesabu za Shirika la Afya Duniani zilizotoka katika nchi 29, zikiwemo Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kuhusisha zaidi ya wanawake 300,000 waliojifungulia hospitalini. Wenye miaka 35 na zaidi walikabiliwa zaidi na kifo, na matatizo ya kuponea chupuchupu, na watoto kuzaliwa wafu. Uchambuzi mwingine uliounganisha tafiti nyingi uliona hatari ya mtoto kuzaliwa mfu ikiongezeka kwa kama robo tatu baada ya miaka 35. Maneno ya namna hii yanaweza kumkosesha mtu usingizi, kwa hiyo tuyapime. Tuseme katika kijiji fulani wanawake watatu kati ya 100 hupata presha ya mimba, na kwa waliovuka 40 idadi ikawa mara mbili. Bado 94 kati ya 100 hawataipata. Hatari imekua, lakini haijawa ndiyo kawaida. Na ile namba 35 yenyewe isiogopwe kama ukingo wa shimo. Ilizoeleka miaka ya 1970, wakati madaktari wa nchi tajiri walipokuwa wakichora mstari wa nani apimwe maji ya uzazi kutafuta kasoro za kromosomu. Mishipa ya damu haikuwa hoja yao. Mishipa haijui siku ya kuzaliwa. Hupanda ngazi taratibu, na kwa wengi ngazi huwa kali zaidi baada ya 40.

Sasa tuje kwenye kuchelewa. Katika mimba ya kawaida presha ya mama hushuka katika miezi ya katikati, kwa sababu mishipa yote imelegea, kisha hurudi juu miezi ya mwisho. Mama ambaye presha yake ilikuwa juu kabla ya mimba anaweza kufika kliniki mwezi wa tano, akapimwa, na kadi ikaandikwa namba nzuri kabisa. Ataambiwa yuko salama, na muuguzi hatakuwa amedanganya. Mwezi wa nane presha ikiruka, hakuna atakayejua kama ni ugonjwa mpya wa mimba au ni ule wa zamani uliojificha, na matibabu ya hali hizo mbili hayafanani. Namba moja iliyoandikwa kwenye kadi wiki ya 9 au ya 10 ingejibu swali hilo. Namba hiyo haihitaji mashine ya gharama. Inahitaji mama akae dakika tano, ameegemea, miguu chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, na mkanda unaoenea mkono wake, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene husema uongo. Ikitokea 140 kwa 90 au zaidi, apimwe tena. Ikirudia, aangaliwe kwa karibu. Pembeni kuna kikaratasi cha kuchovya kwenye mkojo, ambacho hubadilika rangi protini ikiwepo. Vitu hivi viwili, mkanda na kikaratasi, hugundua sehemu kubwa ya hatari inayozungumzwa hapa.

Rwanda imefanya mengi katika hili, na ni haki kuyataja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2000 ulihesabu vifo 1,071 vya uzazi katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa 2019–20 ulihesabu 203. Wakati huo wanawake 93 kati ya 100 walikuwa wakijifungulia kwenye kituo au hospitali. Mituweli, yaani bima ya afya ya jamii, imepunguza makali ya gharama, na washauri wa afya wa vijiji hupita nyumba kwa nyumba kuwaandikisha wajawazito. Lakini utafiti huohuo wa 2019–20 ulionyesha kwamba ni 59 tu kati ya 100 waliokwenda kliniki katika miezi mitatu ya kwanza, na 47 tu waliofikisha mahudhurio manne, wakati Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza manane. Kwa maneno mengine, nchi imeushinda mlango wa leba na haijaushinda mlango wa mwanzo wa mimba. Kwa msichana mwenye afya njema pengo hilo huenda lisimdhuru. Kwa mama wa miaka 40, ambaye sehemu kubwa ya kazi ya mishipa yake hufanyika katika miezi ambayo hajaonekana kliniki, ni pengo baya.

Kuna jambo jingine linalofanya mapema kuwa na thamani: dawa. Aspirini ya kiwango kidogo, ikianzwa kabla nusu ya mimba haijapita, hupunguza uwezekano wa presha kali ya mimba kwa walio hatarini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75 kwa siku, zianzwe kabla ya wiki 20. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2017, ambalo lilitumia miligramu 150, lilipunguza kwa zaidi ya nusu aina ya ugonjwa inayolazimisha mtoto kuzaliwa njiti. Mwongozo wa Uingereza unaweka umri wa miaka 40 na pengo la zaidi ya miaka 10 tangu mimba iliyopita katika orodha moja ya viashiria vya hatari, na viwili vikikutana, mama hupewa aspirini. Hebu mfikirie mama wa Gihundwe mwenye miaka 41 ambaye mtoto wake wa mwisho yuko darasa la sita. Vyote viwili anavyo, na hajui. Akija wiki ya 10, daktari ana la kumpa. Akija wiki ya 24, dawa hiyo imeshapitwa na saa yake. Asiinunue mwenyewe dukani, kwa kuwa kuna wasiofaa kuitumia; aende aulize. Vilevile kuna kalisi. Pale ambapo chakula hakina kalisi ya kutosha, vidonge vyake hupunguza presha ya mimba, na kiwango kinachopendekezwa ni gramu 1.5 hadi 2 kwa siku. Wenyeji wa Ziwa Kivu wanazo sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, wanaoliwa wazima na miiba yao. Sahani ya sambaza haitafikisha gramu hizo, lakini ni heri kuliko ugali wa muhogo na sombe peke yake, na ni ajabu jinsi akina mama wengi wanavyouza sambaza zote na kubaki na mboga.

Hapa mama mwenye uzoefu atapinga, na pingamizi lake lina uzito. Atasema kifafa cha mimba ni cha mimba ya kwanza; yeye ameshavuka. Ni kweli kwamba mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi ya ugonjwa huu, na kwamba mwili uliokwisha kubeba mimba na mwanamume yuleyule hupata kinga fulani. Lakini kinga hiyo haidumu. Mwaka 2002 watafiti wa Norway, wakitumia daftari la nchi nzima la uzazi, walionyesha kwamba kadiri miaka inavyopita kati ya mimba moja na nyingine, hatari hupanda, na pengo likifika miaka 10 au zaidi, mama hukaribia kuwa sawa na asiyewahi kuzaa. Uzoefu wa kulea haujapotea. Uzoefu wa mishipa umepotea. Na kuna hatari ambayo kuzaa mara nyingi huiongeza badala ya kuipunguza: mfuko wa uzazi uliotanuka mara sita au saba unaweza kushindwa kujikaza baada ya mtoto kutoka, na damu ikamwagika kwa kasi ambayo haimpi mtu muda wa kutafuta usafiri. Mama ambaye aliwahi kujifungua kwa upasuaji ana jambo lake pia. Kondo linaweza kujishikiza kwenye kovu, na hilo halijulikani bila picha ya tumbo. Kwa hiyo uzoefu ni mali, lakini si kinga.

Pingamizi la pili ni la bibi. Bibi zetu walizaa hadi hedhi ilipokoma, walijifungulia nyumbani, na sisi hapa ni wajukuu wao. Hoja hii husemwa kwa tabasamu na humaliza mazungumzo, lakini haina msingi. Wanaoitoa ni wajukuu wa waliopona. Waliokufa hawakuacha nyuma mtu wa kuwasemea, na wengi wao waliandikwa katika kumbukumbu za familia kama waliolala wakati wa kujifungua, bila sababu. Kuna pia tofauti ya mwili. Presha na kisukari, magonjwa ambayo bibi wa kijijini aliyaepuka kwa kutembea mlimani hadi uzeeni, yameingia mijini na kwenye barabara kuu, na Kamembe si kijiji tena.

Wengine wanalaumu mahali. Kwa kuwa kuna tafiti zinazoonyesha watoto wa milima mirefu ya Andes na Colorado huzaliwa wadogo kwa uhaba wa oksijeni, husemwa kwamba nchi ya vilima elfu ina tatizo lilelile. Rusizi haihusiki. Athari hizo huonekana zaidi juu ya mita 2,500, na Ziwa Kivu lipo kwenye mita 1,460, huku Bugarama ikiwa chini zaidi. Cha kuhofia zaidi Bugarama ni malaria, ambayo vijidudu vyake hujificha kwenye kondo na kuziba njia ileile ya damu tunayoizungumzia. Chandarua bado ni dawa ya mishipa, ingawa hakuna anayeiita hivyo.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la tatu: kwamba kumwambia mwanamke ana umri mkubwa ni kumwaibisha, na aibu humfukuza kliniki kuliko umbali. Ni kweli. Mama wa miaka 43 anayekaa benchi moja na binti wa miaka 20, huku watu wakimwangalia na mhudumu akiuliza kwa sauti kwa nini anazaa tena, hatarudi mwezi ujao. Huyu hana haja ya hotuba kuhusu uzazi wa mpango siku hiyo, mimba imeshatungwa. Ana haja ya kupimwa presha na kuitwa mama kwa heshima. Suala la uzazi wa mpango lina wakati wake, baada ya kujifungua, na lijadiliwe na mume akiwepo, maana mara nyingi yeye ndiye anayesubiri mtoto wa kiume. Wanaume wa umri mkubwa nao wana sehemu yao katika afya ya mtoto, ingawa hakuna anayewauliza miaka yao kwenye benchi.

Kuna vikwazo ambavyo haviishi kwa ushauri. Mwanamke wa kisiwa cha Nkombo anahitaji mtumbwi kabla ya gari. Mchuuzi anayevuka daraja kwenda Bukavu, upande wa Kongo, kila alfajiri hupoteza mtaji wa siku akikaa foleni. Hawa hawawezi kuambiwa tu waje mapema. Kliniki ndiyo inayopaswa kupanga siku na saa inayowafaa. Lakini kwa walio wengi, wanaoishi kati ya vituo vya afya na hospitali za Gihundwe na Mibilizi, umbali si sababu ya kusubiri hadi tumbo lionekane.

Kwa hiyo, mama uliyevuka miaka 35 na ukakosa hedhi, usihesabu miezi. Nenda kituo cha afya wiki hiyohiyo, taja umri wako, taja miaka ya mtoto wako wa mwisho na kama ulishawahi kufanyiwa upasuaji au kupata presha. Omba presha ipimwe na iandikwe kwenye kadi, mkojo upimwe, na uliza kama unafaa kupewa aspirini. Ukiumwa kichwa kisichosikia dawa, ukiona vimulimuli, uso na mikono vikivimba ghafla, au tumbo likikuuma chini ya mbavu, usisubiri siku ya kliniki. Na ukishajifungua, usiitupe kadi: presha ya mimba inaweza kupanda hata siku kadhaa baada ya mtoto kuzaliwa, mama akiwa ameshafika nyumbani na wageni wamejaa sebuleni.